MAREHEMU EDWARD SAIDI TINGATINGA NA UBAO WAKE WA DARI

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari za maisha ya mtu maarufu wa jiji letu aliyekwisha kufariki siku nyingi, ili wanafunzi walioko shuleni sasa wapate kumfahamu, na sisi tuliokwisha kuhitimu tupate kumkumbuka. Nadhani alitazamia nitachagua mwanasiasa, maana mimi ni mtumishi wa serikali na ukuta wa ofisi yangu una picha za viongozi. Nimechagua mchoraji. Sababu ninayo, tena inahusu ukumbi wa shule yetu hii hii, nami nitaieleza nitakapofika mahali pake.

Jina la mtu huyu hakuna asiyelijua. Mtu mwenyewe ndiye asiyejulikana. Ukimtajia mtoto wa Kariakoo neno tingatinga, kwanza atafikiri lile gari kubwa la kusukuma kifusi, kisha atafikiri zile picha za twiga na tembo wanazouziwa wageni. Ni wachache watakaokwambia kwamba Tingatinga alikuwa binadamu aliyeitwa hivyo, akafanya vibarua, akaoa, akapata watoto wawili, na akafa kwa risasi hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 40 hivi.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho siku hizi huitwa Nakapanya, wilayani Tunduru, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Ruvuma. Wazazi wake walikuwa wakulima. Majina yake mawili ya kwanza, moja la Kikristo na moja la Kiislamu, yanaonyesha jinsi dini zilivyokaa pamoja katika sehemu zile bila kusukumana. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Alipokua alifanya kama walivyofanya vijana wengi wa kusini wa wakati ule: aliondoka kwao kwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, zao ambalo Tanganyika iliongoza duniani kwa kulitoa. Kazi ya mkonge haina haja ya kuelezwa kwa mtu ambaye babu yake aliifanya. Mwaka 1959 akaja Dar es Salaam.

Mji aliouingia ulikuwa umegawanywa kufuata rangi za watu. Wazungu walikaa upande wa bahari mpaka Oyster Bay, Wahindi walikaa katikati penye maduka, na Waafrika walikaa Kariakoo, Ilala na Magomeni. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kijana wa Tunduru asiye na cheti alikuwa na milango michache ya kubisha hodi. Tingatinga alipata kazi ya kutunza bustani na shughuli za nyumbani kwa Mwingereza mmoja. Baada ya Uhuru, waajiri wa namna hiyo walianza kufunga mizigo yao kurudi kwao, na yeye akarudia vibarua. Baadaye tunamkuta akiuza matunda na mboga karibu na maduka yaitwayo Morogoro Stores, huko Oyster Bay, mahali ambapo wageni wengi walikwenda kununua mahitaji yao. Mwenyewe aliishi Msasani. Kwa kipindi fulani alikuwa pia mhudumu wa wodini katika Hospitali ya Muhimbili.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Inasimuliwa kwamba aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikitembezwa mjini na kununuliwa na Wazungu, naye akajiambia kuwa kazi ile hata yeye angeiweza. Sioni sababu ya kuipamba habari hiyo. Alikuwa mtu mwenye shida ya fedha aliyeona bidhaa inayouzika, na mahali pa kuiuzia alikwisha kuwa napo. Linaloshangaza ni kile alichokifanya baada ya hapo, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana nitakaa kidogo juu ya mambo ya rangi na mbao.

Mchoraji aliyesoma hununua turubai, rangi maalumu za mafuta zilizomo katika vijibomba, na brashi za aina kwa aina. Mtu wa namna hiyo tulikuwa naye. Sam Ntiro, mwenyeji wa Kilimanjaro, alisoma Makerere na baadaye chuo cha sanaa cha Slade kule London, akafundisha, na nchi ilipopata Uhuru akapelekwa kuwa Balozi wetu London. Tingatinga hakuwa na vifaa hivyo wala fedha ya kuviagiza. Aliangalia madukani akaona vitu viwili. Cha kwanza ni mbao za hadibodi, zile bapa nyembamba za rangi ya kahawia ambazo watu walizipigilia kwenye dari za nyumba. Alizikata vipande vya mraba, vingi vyake vikiwa na sentimeta 60 hivi kila upande. Cha pili ni rangi ya mafuta ya kopo, ile inayong'aa, ambayo mafundi waliitumia kupaka baiskeli.

Nani hakumbuki baiskeli iliyopakwa upya? Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nikipita Kariakoo kila jioni, na mafundi walizitundika fremu zikauke. Ulikatazwa kugusa, nawe hasa ulitaka kugusa, kwa sababu uso wa rangi ile ulikuwa laini kama maji yaliyotulia kwenye beseni.

Sasa wanafunzi watazame jambo hili. Kila kitu kina uso, na uso una hali yake: gunia linakwaruza, embe bivu ni laini, mkeka wa ukindu una mistari, gome la mwembe lina nyufa. Hali hiyo tunaijua kwa njia mbili. Ya kwanza ni mkono. Ya pili ni jicho, ambalo limekwisha kufundishwa na mkono, hata likiona gunia kwa mbali linajua kuwa linakwaruza. Wachoraji hutumia njia zote mbili. Mholanzi Vincent van Gogh, aliyefariki mwaka 1890, alitumia rangi nzito kiasi kwamba mistari ya brashi ilibaki imesimama juu ya turubai kama matuta ya shamba, na kipofu angeweza kuipapasa. Mafundi wa kusini mwa nchi yetu nao walikuwa na njia yao ya mkono. Vinyago vya ngoma vya Wamakonde, vile wanavyoviita mapiko, huvaliwa kichwani navyo hubandikwa nywele za mtu kweli kweli, na chale za usoni hutengenezwa kwa nta ya nyuki inayoinuka juu ya mti. Huhitaji mwanga kuzitambua; kidole kinatosha.

Tingatinga alitoka katika pande zile zile za kusini, lakini vifaa alivyovichagua vilimnyima njia ya mkono. Hili nimelithibitisha mwenyewe. Mwaka jana, Jumamosi moja, nilikwenda Gerezani kwa mafundi seremala nikapata kipande cha hadibodi kilichobaki, nikapita dukani nikanunua makopo mawili madogo ya rangi ya mafuta, nyeusi na nyeupe. Sijui kuchora na sikuwa na nia ya kuchora. Nilitaka tu kuona rangi inafanyaje kazi. Kwanza niliipaka nyembamba. Mistari ya brashi ilionekana mara moja, kisha nikiwa natazama ikaanza kujifuta yenyewe, rangi ikajitandaza mpaka uso wote ukawa sawa. Kisha upande mwingine nikaweka donge nene makusudi. Baada ya muda likafanya utando juu, na kesho yake likawa limekunjamana kama embe lililosinyaa, na chini ya utando bado lilikuwa bichi. Watoto wangu walifurahi sana. Mama yao hakufurahi, kwa kuwa kazi hii ilifanyika kwenye baraza lake.

Rangi ya kopo imetengenezwa ijilaze. Ndiyo sifa yake, na ndiyo maana baiskeli hung'aa. Anayetaka kujenga ngozi ya nyati kwa rangi hiyo, awe na matuta na makunyanzi ya kushika, ataharibu tu ubao wake.

Hata ubao wenyewe una siri. Hadibodi ilivumbuliwa na Mmarekani William Mason mwaka 1924 katika jimbo la Mississippi. Vipande vya mti hupasuliwa kwa nguvu ya mvuke mpaka viwe nyuzi, kisha nyuzi hizo hukandamizwa kwa joto kali, na gundi ya asili iliyomo katika mti wenyewe huzishikamanisha. Chini huwekwa wavu ili maji na mvuke vipate pa kutokea. Kwa hiyo ubao unatoka na nyuso mbili: mmoja laini kabisa, na mwingine wenye alama za wavu, unaokwaruza kama kitambaa cha gunia. Upande wenye wavu unakunywa rangi na kuifanya ififie. Upande laini unaiacha ikae juu na kung'aa, na huo ndio unaochorwa. Ukiigeuza picha ya zamani utaona mgongo wake una alama hizo za wavu, na ukipitisha kiganja mbele na nyuma utadhani umeshika vitu viwili tofauti.

Basi, mtu huyu akiwa na ubao laini na rangi isiyotaka kusimama, alitaka kuchora chui, kanga, tausi, nyati na mibuyu, yaani manyoya, magamba, ngozi na magome. Alifanyaje?

Kwanza alipaka uso wote rangi moja tupu, akaiacha ikauke. Juu yake akamchora mnyama, mara nyingi mmoja tu, kwa rangi moja bapa bila kivuli. Akangoja tena. Halafu ndipo akaanza kazi yenyewe: nukta, na duara ndani ya duara, na vistari vifupi vilivyolazwa kimoja baada ya kingine. Chui akajaa madoa. Bawa la ndege likawa safu za vistari, kila safu ikilalia nyingine kama makuti yanavyolaliana kwenye paa. Shina la mti likapata michirizi. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichoinuka kwa kipimo cha kutajika, lakini jicho linapotua hapo linasema kwamba huku ni kwenye manyoya, na mkono unawashwa unataka kugusa. Ukigusa unakuta kioo. Mimi nimekwisha kuona watu wazima, maofisa wenye tai, wakinyosha kidole mbele ya picha ya namna hii kisha wakijifanya wanaonyesha kitu.

Na jambo la pili ni lile ambalo hakulifanya. Nyuma ya mnyama aliacha patupu. Labda jani moja, labda tawi, kisha rangi moja iliyotulia mpaka pembeni mwa ubao. Kuna watu walioona utupu huo wakadhani ni ukosefu wa elimu, kwamba hakujua kuchora milima na mawingu. Mimi naona kinyume chake. Nukta mia zikiwa peke yake penye utulivu zinaonekana ni manyoya. Nukta mia zikizungukwa na nukta elfu zinakuwa vumbi. Aliyewahi kusikia ngoma anajua kwamba pigo husikika kwa sababu ya kimya kilicholitangulia.

Hakulitoa jambo hili hewani. Watafiti waliokwenda kusini baadaye wameeleza kwamba katika vijiji vya huko watu walikuwa na desturi ya kuchora kuta za udongo za nyumba zao, wanyama na maua, kwa rangi chache juu ya ukuta mtupu. Na mjini kulikuwa na mwalimu mwingine ambaye hakuna aliyemwita mwalimu. Tembea Mtaa wa Uhuru penye maduka ya kanga utazame. Husemwa kwamba nguo hiyo ilipata jina lake kutokana na ndege kanga, kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa na madoadoa kama yake. Kanga ni kitambaa bapa cha pamba, huwezi kupapasa ua lake ukalipata, lakini pindo lake lenye nukta na katikati yake penye nafasi vinamfanya mtu aione nguo hiyo kama kitu chenye kina. Sina ushahidi kwamba Tingatinga aliwahi kusimama dukani akawaza hivyo. Ninachojua ni kwamba hakuna mkazi wa Dar es Salaam ambaye hakulelewa kwenye kanga, na jicho hujifunza bila kuomba ruhusa.

Picha zilianza kununuliwa. Mwaka 1970 alimwoa Bibi Agatha Mataka, ambaye alisaidia kuuza picha pale pale Morogoro Stores. Kazi ilipozidi aliwaita vijana wa kwao na jamaa zake, akawafundisha. Kati ya wanafunzi wa kwanza walikuwapo January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Abdallah Ajaba na nduguye Simon Mpata, ambaye baadaye alikwenda kuchorea Kenya na kupendwa sana na Wajapani. Hapakuwa na darasa wala ada. Mwanafunzi alikaa karibu na mwalimu, akajaza rangi mahali alipoonyeshwa, akapewa nukta za kupiga, mpaka siku moja akapewa ubao wake. Watumishi wenzangu waliopitia mafunzo ya kazini wanajua kwamba hiyo ndiyo njia inayofundisha kweli.

Ikawa miaka minne tu. Usiku mmoja wa mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari pamoja na wenzake hapa jijini. Polisi walilifuata gari lile wakidhani ni la wahalifu wanaokimbia, wakafyatua risasi, ikampata. Alifariki. Hakuwa mhalifu. Aliacha mjane, watoto wawili, vijana watano au sita waliokuwa wamejifunza kwake, na idadi ya mbao ambazo nyingi zilikwisha kuchukuliwa na wageni waliozinunua. Kila ninapoifikia sehemu hii najikuta nahesabu: mwaka 1968 mpaka 1972. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaosoma habari hii watakaa shuleni hapa karibu muda ule ule.

Vijana wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora na kuuza mahali pale pale, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika cha wachoraji kwa jina la Tingatinga, chenye makao huko huko Oyster Bay. Jina la mtu likawa jina la ufundi. Leo ukipita penye wageni, toka Dar es Salaam mpaka Zanzibar na Arusha, utaona picha hizo zimetundikwa kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa.

Lakini mkono umebadilika, na nataka kulisema hili wazi kwa kuwa wengi hawalioni. Mgeni anayepanda ndege hataki ubao mzito ambao kona zake hufumuka zikigongwa na kuvimba zikilowana. Anataka kitu cha kukunja na kutia katika mfuko. Kwa hiyo wachoraji wengi wameacha hadibodi wakahamia kwenye kitambaa cha pamba kilichowambwa juu ya fremu. Rangi bado ni ya kopo, lakini chini yake pana nyuzi, na uso hauwi tena ule wa kioo. Ukiutazama kwa karibu unaona kitambaa kinachungulia. Nyuma ya mnyama nako, siku hizi wengi hudonoa kwa sponji, rangi mbili zikiingiliana toka nyekundu ya machweo mpaka njano. Wanyama nao wameongezeka mpaka hakuna nafasi ya kupitisha kidole. Baadhi ya kazi hizo ni nzuri sana na zimelisha familia nyingi, nami sitamlaumu mtu anayetafuta karo ya mtoto wake. Hata hivyo mara nyingi nikizitazama jicho langu halipati mahali pa kukaa. Kila mahali pamekuwa manyoya.

Na hapa ndipo inapokuja sababu niliyoiahidi. Katika kikao cha kamati ya maandalizi ya mkutano wetu wa mwaka huu ilipendekezwa kwamba wahitimu tuchange tununue picha moja kubwa ya kutundikwa katika ukumbi wa shule. Nilitaja Tingatinga. Mwenzetu mmoja, tuliyekaa naye dawati moja na ambaye sasa ni mhandisi anayeheshimika, alieleza kwamba picha hizo ni vitu vya watalii, kwamba shule ya sekondari inahitaji kazi yenye elimu ndani yake, na kwamba itakuwa aibu wageni waalikwa wakikuta ukumbini kwetu kitu wanachokiona ufukweni. Wengine waliafiki. Uamuzi ukaahirishwa mpaka siku ya mkutano.

Namheshimu mwenzetu, lakini nadhani amezitazama nakala akamhukumu mwenyewe. Kazi alizozichora Tingatinga kwa mkono wake si rahisi kuziona hapa. Nyingi ziko Ulaya na Japani katika nyumba na makusanyo ya watu walioziona thamani yake mapema kuliko sisi. Sisi tumebaki na jina. Kijana wa Kariakoo akitaka kujua nukta moja ya mchoraji huyu ilikaaje juu ya ubao, hana budi kuangalia picha iliyopigwa katika kitabu, na katika kitabu uso wote ni karatasi. Hawezi kujua kwamba mbele palikuwa kioo na nyuma palikuwa gunia. Elimu anayoitafuta mhandisi wetu imo mle. Imo elimu ya kemia katika rangi inayojilaza, imo elimu ya mbao katika nyuzi zilizobanwa, na imo elimu ya kumwezesha mtu aliyenyimwa kitu kimoja kukipata kwa njia nyingine, jambo ambalo wahandisi wenyewe ndilo hufanya kila siku.

Sipendekezi tutafute kazi ya marehemu mwenyewe. Fedha zetu hazifiki huko, na mwenye nayo hataitoa. Napendekeza kamati imwendee mchoraji mmoja wa ushirika, mtu mzima aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa na wale wa kwanza, imwagize kazi moja kwa masharti ya zamani: hadibodi, si kitambaa, rangi ya kopo, mnyama mmoja, nyuma patupu. Akiuliza ni mnyama gani, mimi ningesema kanga, kwa ajili ya madoa yake. Bei tutapatana naye bila kumnyonya, na risiti iingie katika jalada la mhazini.

Picha ikishapatikana, kuna mambo mawili ambayo naomba yaandikwe katika kumbukumbu za kikao kabisa, maana nawajua mafundi wetu. La kwanza, isiwekewe kioo. Rangi ile inafutika kwa kitambaa chenye unyevu kama baiskeli inavyofutika, kwa hiyo hakuna haja ya kuikinga na mikono ya wanafunzi. La pili, isitundikwe juu karibu na dari kama tulivyozoea kutundika kila kitu cha heshima. Iwekwe usawa wa bega la mwanafunzi wa kidato cha kwanza, kwenye ukuta ule wa upande wa jukwaa ambao jua la saa kumi huupiga kwa ubavu likitokea madirishani. Kwa mwanga wa namna hiyo, mtu akiinama kidogo, ataona kile ambacho mwanga wa mbele hauonyeshi: kwamba kila nukta, ingawa rangi imejilaza, imebaki na kimo chembamba sana, kama kipele cha joto kwenye ngozi ya mtoto, na kwamba zimepigwa kwa safu.

Mchango wangu wa picha hiyo nimekwisha kuukabidhi kwa mhazini.